Muziki wa Hungaria wa Karne ya 20: Ununue Rekodi Ipi Kwanza

Kazi za okestra na kwaya za Hungaria zimerekodiwa mara nyingi mno, na jina la mtunzi pekee halikusaidii kuchagua. Mimi hutazama jina la mwongozaji. Watunzi Béla Bartók na Zoltán Kodály walifundisha katika chuo cha muziki cha Budapest, na baadhi ya wanafunzi wa chuo hicho wakaja kuongoza okestra kubwa duniani. Mnunuzi mgeni aanze na hao.

Nafasi ya kwanza naipa Fritz Reiner na Chicago Symphony: Konseto ya Okestra ya Bartók, kampuni ya rekodi RCA, 1955. Bartók aliitunga mwaka 1943 akiwa Marekani, mgonjwa na mkata, na Reiner, aliyewahi kufundishwa naye piano, alikuwa miongoni mwa waliohangaika ili aagizwe kuitunga. Stereo ilikuwa changa wakati huo, lakini sauti ni safi hadi leo. Tafuta toleo la Living Stereo, mfululizo wa RCA, lenye pia Muziki wa Nyuzi, Ngoma na Selesta (kinanda chenye sauti ya kengele), wa 1936. Sehemu yake ya tatu huanza na noti moja tu ya zailofoni (vibao vya mbao vinavyogongwa), ikirudiwa, ikiharakishwa, kisha ikilegezwa. Isikilize usiku, nyumba ikiwa imetulia.

Ukipenda kwaya zaidi ya okestra, anza na ya pili: Georg Solti na Budapest Festival Orchestra, kampuni ya Decca. Aliirekodi Juni 1997, akafariki Septemba mwaka huohuo. Ndani yake mna kazi za watatu waliomfundisha: Bartók, Kodály na Leó Weiner. Psalmus Hungaricus ya Kodály iliimbwa kwanza 1923, miaka 50 tangu Buda na Pest kuwa mji mmoja, na maneno yake yanatokana na Zaburi ya 55, kilio cha mtu aliyesalitiwa na rafiki. Kihungari hukaza silabi ya kwanza ya kila neno, na Kodály alijenga mahadhi juu ya mkazo huo. Ndiyo maana napendelea kwaya ya wenyewe. Wanakwaya wetu waliolelewa na solfa (do, re, mi) watajisikia nyumbani: ishara za mikono za John Curwen, Mwingereza aliyeisambaza solfa, ndizo zilizoingizwa katika mafunzo yanayobeba jina la Kodály.

Ya tatu ni Antal Doráti, mwanafunzi wa Kodály, katika kazi za okestra za mwalimu wake (Decca). Okestra yake, Philharmonia Hungarica, iliundwa na wanamuziki waliokimbia Hungaria baada ya uasi wa 1956. Anza na Ngoma za Galánta.

Mtunzi György Ligeti naye alikimbia mwaka huohuo. Nimemweka wa nne kwa sababu hana mahadhi ya kushika: Atmosphères (1961) ni wingu zito la sauti linalobadilika polepole. Chukua rekodi ya Jonathan Nott na Berlin Philharmonic, kampuni ya Teldec. Diski hiyo ina pia Konseto ya Kiromania, kazi ya ujanani yenye mdundo wa ngoma za vijijini; anza na hiyo.

Kwa rekodi za kwaya, diski yenye kijitabu cha maneno na tafsiri inastahili bei ya juu kidogo. Makusanyo ya vipande vilivyokatwa usiyanunue, hata yakiuzwa kwa bei ya kutupa.