Kibali cha kutafuta kazi baada ya masomo ng'ambo: kipi kinastahili pesa zako

Ukiingia ofisi za maajenti wa masomo ya ng'ambo jijini Nairobi, mazungumzo huanza na nchi, kisha karo, kisha tarehe ya kuripoti. Kibali cha kubaki na kutafuta kazi baada ya kuhitimu hupitiwa kwa sentensi moja tu: "Ukimaliza unapewa miaka miwili." Sentensi hiyo ndiyo inayouza kozi, na ndiyo inayomficha mzazi mambo mengi kuliko nyingine yoyote. Idadi ya miaka haitoshi kupima kibali. Uliza kinagharimu kiasi gani, unatakiwa uwe na nini mkononi siku ya kuomba, na kikiisha kinakupeleka wapi. Ukivipima hivyo, mpangilio wa nchi hubadilika kabisa.

Tuanze na Uingereza, kwa kuwa wengi wanakwenda huko. Graduate Route, kibali cha huko cha kubaki baada ya kuhitimu, ilifunguliwa tarehe 1 Julai 2021. Uzuri wake ni kwamba huhitaji mwajiri, hakuna kima cha mshahara, na unaweza kufanya karibu kazi yoyote. Aliye na shahada ya kwanza au ya uzamili hupewa miaka 2, mwenye uzamivu miaka 3. Lakini atakayeomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 atapata miezi 18 badala ya miaka 2, isipokuwa wa uzamivu. Maana yake, kijana anayeanza uzamili wa mwaka mmoja Septemba 2026 hana tena hiyo "miaka miwili" anayoambiwa. Ajenti anayeendelea kuitaja amepitwa na wakati au hataki ujue.

Bei nayo ni kubwa. Kuanzia Aprili 2025 ada ya ombi ilikuwa pauni 880, na juu yake kuna malipo ya huduma za afya, pauni 1,035 kwa kila mwaka wa kibali. Kwa miaka 2 jumla ilikuwa pauni 2,950, takriban nusu milioni ya shilingi za Kenya, na hulipwa kwa mkupuo siku ya kuomba. Pesa hizi zinahitajika wakati mwanafunzi amemaliza karo na hajapata mshahara, kwa hiyo familia isipozitenga mapema, ndipo harambee za dharura huanza.

Kinachoangusha maombi mengi ni mpangilio wa tarehe. Ombi hufanywa ukiwa ndani ya Uingereza, kabla viza ya mwanafunzi haijaisha, na baada ya chuo kuiarifu serikali kwamba umemaliza. Huhitaji kusubiri sherehe ya mahafali. Tatizo ni kwamba wengi hukata tiketi ya kurudi nyumbani mara tu baada ya mtihani wa mwisho, kabla chuo hakijatuma taarifa. Ukiwa Nairobi huwezi kuomba. Na ukishaomba kisha ukasafiri nje kabla ya uamuzi, ombi huhesabiwa kuwa limeondolewa. Waliosomeshwa na serikali au shirika la ufadhili lililolipa karo na matumizi yote ndani ya miezi 12 iliyopita wanahitaji pia barua ya idhini kutoka kwa mfadhili, na baadhi ya ufadhili una sharti la kurudi nyumbani.

Kibali chenyewe hakiongezwi. Njia ya kuendelea ni viza ya kazi yenye mwajiri mdhamini, Skilled Worker, ambayo tangu tarehe 22 Julai 2025 inataka mshahara wa pauni 41,700 kwa mwaka, au 33,400 kwa anayeanza kazi. Punguzo la anayeanza lina kikomo cha miaka 4, na muda wako wa Graduate Route huhesabiwa humo. Isitoshe, muda huo hauingii katika miaka inayohesabiwa ya kuomba ukaazi wa kudumu kupitia kazi. Kazi ya kutunza wazee, ambayo Wakenya wengi huikimbilia, unaruhusiwa kuifanya ukiwa na kibali hiki. Ila mlango wa kuajiriwa kutoka nje kwa kazi hiyo ulifungwa siku hiyohiyo ya tarehe 22 Julai 2025, kwa hiyo ukisharudi Nairobi hautakusaidia. Hukumu yetu ni kwamba bidhaa hii ni nzuri kwa mhandisi, mtaalamu wa data au mhasibu ambaye waajiri wa fani yake wana desturi ya kudhamini viza. Kwa shahada ya biashara ya jumla ni ghali, na kwa kawaida huishia palepale.

Ujerumani ndiyo tunayoipa alama ya juu, na tunajua si jibu ambalo wengi wanataka kusikia, kwa sababu ya lugha. Aliyehitimu chuo cha huko hupewa kibali cha hadi miezi 18 cha kutafuta kazi inayolingana na masomo yake. Wakati huo anaruhusiwa kufanya kazi yoyote ili ajikimu, hata ya mkahawani au ghalani. Ada ni kama yuro 100. Linganisha na nusu milioni ile ya Uingereza.

Ombi hupelekwa ofisi ya wageni ya mji unakoishi, na hapo ndipo subira huhitajika. Miadi katika miji mikubwa huchelewa kwa miezi. Cha kufanya ni kupeleka ombi kabla kibali cha mwanafunzi hakijaisha, hata kama miadi iko mbali, na kutunza uthibitisho kwamba limepokelewa. Ukiwahi, sheria inakulinda: kibali cha zamani huendelea na masharti yake mpaka uamuzi utolewe, na ofisi hukupa karatasi iitwayo Fiktionsbescheinigung. Idai. Ukichelewa hata siku moja, ulinzi huo hauji wenyewe. Saa ya miezi 18 nayo kwa kawaida huanza kuhesabiwa matokeo ya mwisho yanapotoka, kwa hiyo anayekaa akingoja cheti chenye muhuri mzuri anajila muda wake mwenyewe.

Gharama iliyojificha ni bima ya afya. Bei ya mwanafunzi hukoma ukishaondolewa kwenye orodha ya chuo, na bima ya umma ya hiari hupita yuro 200 kwa mwezi. Ofisi pia itataka kuona unaishi kwa nini: akiba benki, au mkataba wa kazi hata kama ni ya muda.

Sababu ya kuiweka juu ni kile kinachofuata. Kazi ya fani yako ikipatikana, unaingia kwenye Blue Card, kibali cha kazi cha Umoja wa Ulaya kwa wenye shahada, ambayo kwa mwaka 2026 inamtaka aliyehitimu ndani ya miaka 3 iliyopita mshahara wa yuro 45,934.20 kwa mwaka kabla ya makato. Usipofika hapo, kipo kibali cha kawaida cha mtaalamu, ambacho kwa aliye chini ya miaka 45 hakina kima maalumu, bali mshahara uwe sawa na wanaolipwa wenzake wa kazi hiyo. Na aliyesomea Ujerumani anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 2 ya kazi ya utaalamu, akiwa amechangia pensheni miezi 24 na ana Kijerumani cha kiwango cha B1, yaani cha kati. Hakuna nchi nyingine katika ukaguzi huu inayoandika njia iliyonyooka kiasi hicho.

Kozi za uzamili za Kiingereza zimewadanganya wengi kwamba lugha haina haja. Kusoma kwa Kiingereza kunawezekana, ila matangazo mengi ya kazi nje ya teknolojia hutaka Kijerumani. Anza kabla ya kupanda ndege. Goethe-Institut iko katikati ya jiji, Maendeleo House, na hutoa mafunzo na mitihani. Anayefika na B1 ana miezi 18 ya kutafuta kazi. Anayefika bila neno atatumia sehemu kubwa ya miezi hiyo darasani.

Kanada ilikuwa kipenzi cha Nairobi kwa miaka mingi, na bado ina kibali kirefu, lakini sharti zimegeuka kiasi kwamba ushauri wa mtu aliyeenda 2021 unaweza kukuponza. Kibali chao, PGWP, hutolewa mara moja tu maishani. Kozi ya miaka 2 au zaidi huleta miaka 3. Iliyo chini ya hapo, kuanzia miezi 8, huleta muda sawa na wa kozi, isipokuwa uzamili, ambao tangu tarehe 15 Februari 2024 huleta miaka 3 hata ukiwa mfupi. Ada ni dola 255 za Kanada, na una siku 180 za kuomba tangu upate uthibitisho wa kumaliza.

Tangu tarehe 1 Novemba 2024 kuna mtihani wa lugha: kiwango cha 7 katika kipimo cha lugha cha Kanada, CLB, kwa waliosoma shahada chuo kikuu, 5 kwa wa vyuo vya kati. Hapa watu hujikwaa kwa jambo dogo. IELTS Academic uliyoifanya Nairobi ili ukubaliwe chuoni haifai kwa PGWP. Inatakiwa IELTS General Training, ambapo CLB 7 ni alama 6.0 katika kila sehemu, au mtihani mwingine wa CELPIP au PTE Core, na matokeo yasizidi miaka 2.

Kwa astashahada na stashahada za vyuo vya kati, walioomba kibali cha kusoma kuanzia tarehe hiyohiyo ya 1 Novemba 2024 wanabanwa pia na orodha ya fani zinazokubaliwa, na orodha hiyo imeshabadilishwa. Shahada ya kwanza, uzamili na uzamivu hazibanwi. Vyuo vya binafsi vinavyofundisha kwa leseni ya mtaala wa chuo cha umma vimeondolewa kabisa kwa walioanza kuanzia tarehe 15 Mei 2024, na ndivyo vilivyokuwa vikitangazwa sana kwa karo nafuu. Kabla ya kulipa hata senti, mtake ajenti akuonyeshe kwenye tovuti ya serikali ya Kanada kwamba kozi hiyo, si chuo tu, inaleta PGWP.

Halafu kuna pasipoti. PGWP haiwezi kupita tarehe ya mwisho ya pasipoti. Mwanafunzi anayeondoka na pasipoti iliyobaki miaka 4, akasoma miaka 2, atapewa kibali kisichofika miaka 2, ingawa alistahili 3. Miezi iliyobaki anaweza kuidai akishapata pasipoti mpya, ila ni ombi jingine na ada nyingine. Kuibadilisha Nyayo House kabla ya safari, kwa Sh7,500 ya kurasa 34, ni rahisi kuliko kuisaka ubalozini Ottawa.

Marekani inahitaji maneno machache. OPT, ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako baada ya masomo, ni miezi 12, na fani za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati huongezewa 24, mwajiri akiwa amejisajili E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki haki ya kufanya kazi. Ombi hufunguliwa siku 90 kabla ya kumaliza programu na kufungwa siku 60 baada yake, na huruhusiwi kukaa bila kazi zaidi ya siku 90 kwa jumla katika ile miezi 12. Kinachoamua ni namba ya fani iliyoandikwa kwenye I-20, fomu ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni, si jina la shahada: uchumi wa kawaida, 45.0601, haumo kwenye orodha ya nyongeza, ilhali uchumi wa kihesabu, 45.0603, umo. Iangalie kabla ya kukubali nafasi, maana tofauti yake ni miaka 2. Baada ya hapo kuna bahati nasibu ya viza ya kazi ya H-1B yenye nafasi 85,000 kwa dunia nzima, na bahati nasibu huwezi kuiwekea mpango.

Uholanzi ina kibali cha mwaka 1, zoekjaar, chenye faida ambayo watu hawaijui: unaweza kukiomba ndani ya miaka 3 tangu uhitimu, hata ukiwa umesharudi Kenya. Ayalandi hutoa miezi 12 kwa shahada ya kwanza na 24 kwa uzamili. Australia tangu tarehe 1 Julai 2024 imeweka ukomo wa umri wa miaka 35 kwa wengi, kwa hiyo anayekwenda kusoma uzamili akiwa na 34 asidanganyike.

Kuhusu maajenti wenyewe: wengi hulipwa kamisheni na vyuo, ndiyo maana huduma huitwa ya bure na ndiyo maana orodha ya vyuo vyao ni fupi. Kupeleka ombi la chuo wanaweza kulifanya vizuri. Ushauri wa kibali ni kazi nyingine. Anayetaka kulipwa kwa ushauri wa uhamiaji wa Kanada, kama si wakili wa huko, lazima awe na namba ya CICC, chombo kinachosimamia washauri hao; wa Australia aliyesajiliwa ana namba ya MARA, mamlaka ya huko ya kusajili maajenti wa uhamiaji, na zote hukaguliwa mtandaoni kwa dakika chache. Akikataa kuitaja, inuka uondoke.