Kitabu cha mvinyo: atlasi au ensaiklopidia?

Ukiwa na nafasi ya kitabu kimoja tu, ushindani ni wa majabali mawili. The World Atlas of Wine, alichokianzisha Hugh Johnson mwaka 1971, ni kitabu cha macho. Fungua ramani za Burgundy, eneo la mvinyo nchini Ufaransa: mashamba mawili yametenganishwa na njia nyembamba tu, lakini ukiona mteremko unavyopinda unaanza kuelewa kwa nini chupa za majirani hao zimepishana bei hivyo.

The Oxford Companion to Wine, kilichotoka 1994 chini ya uhariri wa Jancis Robinson, kimepangwa kwa alfabeti. Unaingia kutafuta tanini (kinachoupa mvinyo ukakasi mdomoni), neno moja linakusukuma kwa jingine, mara umefika kwa filoksera, mdudu aliyeangamiza mizabibu ya Ulaya karne ya 19. (Mimi hupotelea humo.)

Anayeanza ningempa atlasi bila kusita. Mwenye mtihani wa mvinyo mbele yake achukue cha pili. Vyote ni vizito, si vya kusomea kitandani. Na kama kiu yako ni wiski au ramu, viache. Tafuta kinachoeleza ukenekaji (kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake) na mapipa.