Tangi ni zuri, lakini haidromita waliyofunga ndani ni ya kutupa

Seti ya tangi la samaki na matumbawe niliyonunua ni ile ya kila kitu ndani ya boksi moja: tangi dogo la kioo lenye vyumba vya kuchujia maji kwa nyuma, taa, pampu, hita, mchanga, mawe makavu, mfuko wa chumvi ya bahari, chupa ya bakteria, na haidromita, yaani kipima chumvi ya maji, ya plastiki yenye mkono unaopanda na kushuka. Ukishaweka mawe na mchanga unabaki na maji lita 50 hivi. Mengine yameandikwa kwenye boksi, sitayarudia. Ninachotaka kusema kinahusu hiyo haidromita, na jamaa wa kaunta dukani aliyeitetea mpaka mwisho, kwa sababu wawili hao nusura waniulie matumbawe yote.

Dalili zenyewe zilikuwa hivi. Tangi limeshaiva (bakteria wa kusafisha maji wameshakaa), amonia sifuri, nitriti sifuri, nitrati kidogo, joto nyuzi 25. Samaki wawili wa Amphiprion ocellaris, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wanakula kwa fujo. Lakini zoanthidi, viumbe wa jamii ya matumbawe wanaofunguka kama maua, wamejifunga kama ngumi tangu waingie, matumbawe ya uyoga yamesinyaa yakawa na ukubwa wa kitufe, na konokono wa Trochus wamelala chali mchangani. Ukiwageuza wanakaa palepale, hawapandi kioo. Haidromita inasoma 1.025, yaani uzito wa maji ukilinganishwa na maji matupu. Safi kabisa, kwa mujibu wake.

Nikapima madini. Mfuko wa chumvi unaahidi kalsiamu miligramu 420 kwa lita, magnesiamu 1300, na alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi, hupimwa kwa dKH) dKH 8. Tangi likatoa kalsiamu 340, magnesiamu 1050, alkalini 6.5. Nikayapeleka majibu dukani pamoja na chupa ya maji.

Jamaa wa kaunta hakuigusa chupa ya maji. Alisoma namba, akageuka, akashusha chupa tatu: ya kalsiamu, ya magnesiamu, ya kupandisha alkalini. "Bosi, matumbawe yako yana njaa ya madini." Nikamwomba kwanza anipimie chumvi kwa refraktomita, kile kipimo kinachotumia mwanga, ambayo ilikuwa kwenye rafu nyuma ya kichwa chake, naiona. Akacheka, tena kwa sauti ya kuwachekesha wateja waliokuwa nyuma yangu: "Maji ya chumvi ni maji ya chumvi, bosi. Mbona samaki wako hai?"

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, maana jibu lilikuwa wazi kwenye ile karatasi aliyoishika. Madini yote matatu yalikuwa yamepungua kwa kiasi kilekile, takriban asilimia 20. Matumbawe hayali hivyo. Yanapojenga mifupa yanachukua kalsiamu na alkalini kwa uwiano unaojulikana, kalsiamu miligramu 20 kwa kila dKH 2.8 hivi, na magnesiamu wanaigusa kidogo sana. Kalsiamu ikishuka kwa 80 sababu ya kuliwa, alkalini ingebidi ishuke kwa dKH 11, yaani ingekwisha yote na deni juu. Halafu nani ameila? Zoanthidi na uyoga hawana hata mifupa ya kujenga! Madini matatu yakishuka kwa pamoja na kwa kiwango kimoja, maana yake ni moja tu: maji ni mepesi, chumvi haitoshi.

Refraktomita ya kuazima ikasema 28 kwa elfu, yaani gramu 28 za chumvi kwa kila kilo ya maji. Kwa kipimo cha haidromita hiyo ni karibu 1.021. Maji ya bahari kwenye miamba ni 35 kwa elfu, ambayo kwa nyuzi 25 ni 1.026. Kwa hiyo haidromita ilikuwa inadanganya kwa sehemu nne nzima, na ilidanganya kwa uso mkavu kila nilipoipima.

Na hilo la samaki kuwa hai si ushahidi wa lolote. Samaki wa mifupa hudhibiti chumvi ya mwili wake mwenyewe. Wauzaji wengi huwaweka samaki kwenye maji mepesi makusudi, kuokoa chumvi na kupunguza vimelea. Konokono na matumbawe hawana uwezo huo. Maji yakipungua chumvi, nao miili yao inapungua chumvi. Mtu anayeuza matumbawe kila siku anatakiwa kulijua hilo kabla hajajua bei.

Sasa, kwa nini haidromita za aina hii hudanganya? Ule mkono huelea kulingana na uzito wa maji. Kiputo kimoja cha hewa, kidogo kama punje ya mtama, kikinata chini ya mkono kinauinua, nawe unasoma chumvi nyingi kuliko iliyopo. Plastiki mpya ndiyo mbaya zaidi kwa sababu viputo huipenda. Inabidi uiloweke ndani ya maji ya chumvi usiku kucha kabla ya kuitumia mara ya kwanza, uijaze polepole, uigongegonge, na uiweke juu ya kitu kilichonyooka. Ukiiacha ikauke bila kuisuuza kwa maji yasiyo na chumvi, chumvi na chokaa hugandia mkono, mkono unakuwa mzito, na kosa linageuka upande wa pili: inasoma chini, unaongeza chumvi, unakausha viumbe. Karatasi ya maelekezo ndani ya boksi inasema nini kuhusu haya? "Jaza, soma." Maneno mawili.

Niseme ukweli, nimeshaiona haidromita ya mkono iliyosoma sawasawa na refraktomita kwa miaka. Inawezekana. Lakini hii niliiloweka, niliigonga, niliinyoosha, na bado ilikaa kwenye 1.025 kwenye maji ya 28. Nikaitia kwenye maji ya 35 halisi ikaenda 1.030. Angalau ni mwongo mwenye msimamo. Mtu mwenye subira angeweza kuchora mstari wake kwa kalamu na kuendelea nayo. Mimi sina subira hiyo, na anayeanza hana namna ya kujua mstari uchorwe wapi.

Nunua refraktomita, tena usiirekebishe kwa maji matupu peke yake. Maji matupu yanakuonyesha kama iko sawa kwenye sifuri, hayakuambii kitu kuhusu 35. Tumia myeyusho wa 35. Ukiukosa, pima gramu 36.5 za chumvi safi isiyo na chochote kilichoongezwa, iyeyushe kwenye gramu 963.5 za maji ya RO (yaliyochujwa mpaka yakabaki matupu). Kwenye refraktomita ya maji ya bahari myeyusho huo unasoma 35. Weka matone mawili matatu, funika bila kuacha hewa, subiri nusu dakika joto lilingane, geuza skrubu mpaka mstari ukae kwenye 35.

Kuyarudisha maji juu hakuhitaji chupa hata moja. Lita 50 kutoka 28 hadi 35 zinahitaji gramu 350 za chumvi, basi. Usizimwage. Tangi la wazi la ukubwa huu hupoteza karibu lita moja kwa siku kwa kukauka, na chumvi haikauki na maji, ndiyo maana siku zote unajaziliza kwa maji ya RO matupu. Kwa muda wa marekebisho, jaziliza kwa maji ya chumvi ya 35 badala yake: kila lita inaleta gramu 35, tangi linapanda kwa 0.7 kwa siku, na baada ya siku kumi hivi umefika. Usizidi 1 kwa siku. Ukishafika, rudi kwenye maji matupu mara moja, la sivyo unaendelea kupanda. Zoanthidi wangu walianza kufunguka kabla hata sijafika 33, na konokono walirudi kiooni wenyewe.

Sasa fikiria kama zile chupa tatu zingeingia. Kalsiamu ingepandishwa hadi 420, magnesiamu 1300, alkalini 8, yote ndani ya maji ya 28. Siku chumvi inaporekebishwa, ile chumvi inakuja na madini yake: kalsiamu inavuka 500, magnesiamu inavuka 1500, alkalini inakaribia 10, kisha chokaa inaanza kuganda kwenye hita na kwenye moyo wa pampu. Angeniuzia dawa, kisha pampu mpya.

Kuhusu chumvi yenyewe sina ugomvi. Inayeyuka vizuri, ilimradi utie chumvi kwenye maji na si maji kwenye chumvi; ukifanya kinyume, kalsiamu na alkalini hukutana zikiwa nzito mno, zinaganda nyeupe chini ya ndoo na haziyeyuki tena. Weka maji ya RO yenye TDS 0 (hayana kitu kilichoyeyuka ndani) kwenye ndoo, pampu ndani, joto 25, tia gramu 38 hivi kwa kila lita kidogo kidogo, acha izunguke mpaka maji yawe maangavu, kisha pima. Maji ya bomba sahau: klorini unaweza kuitoa, lakini fosfati, silikati na shaba zinabaki, na shaba kwa konokono na kamba ni sumu hata ikiwa kidogo mno.

Chupa ya bakteria nayo imeandikwa "samaki siku hiyohiyo". Hapana. Bakteria wenyewe si feki, waliharakisha kazi, ila mawe makavu hayana uhai wowote na hakuna chupa inayoyajaza kwa saa chache. Tia amonia kloridi mpaka upate 2 ppm (miligramu 2 kwa lita), tia bakteria, taa izimwe ili usilishe mwani, subiri. Tangi limeiva pale amonia ya 2 inapokwisha pamoja na nitriti ndani ya saa 24. Kwa kawaida ni wiki kadhaa. Vumbi la kahawia litafuata mchangani. Hao ni diatomu wanaokula silikati, wataondoka wenyewe. Wa kuogopa ni dinoflajelati, ute wa kahawia wenye viputo, ambao hupenda tangi lililosafishwa kupita kiasi. Nitrati na fosfati zisiwe sifuri: nitrati 5 hadi 10, fosfati 0.03 hadi 0.1. Kwa hiyo lile sponji la kunyonya fosfati walilolitumbukiza kwenye chumba cha kwanza, litoe mapema.

Tangi? Tangi ni zuri kweli, na inaniuma kulisema. Vyumba vya nyuma vina nafasi ya mkono wa mtu mzima, jambo ambalo wengi wa ukubwa huu wameshindwa. Pampu haina kelele, ingawa haitoshi. Ongeza pampu ndogo ya mawimbi ili maji yazunguke angalau mara 20 kwa saa. Taa inatosha matumbawe laini na hata Euphyllia, matumbawe yenye mifupa, huko mbele, ila anza nayo chini ya nusu na uipandishe polepole. Hita inafanya kazi, lakini hita za aina hii huweza kukwama zikiwa zimewaka, kwa hiyo ifunge kwenye kidhibiti joto cha nje.

Picha kwenye boksi ndiyo kichekesho kingine. Inaonyesha samaki wa bluu wa Paracanthurus hepatus, ambaye hufika sentimita 30, ndani ya tangi asiloweza hata kugeukia. Lita 50 ni ocellaris wawili na labda mmoja mdogo wa mchangani, wakiingia mmoja mmoja kwa wiki kadhaa. Anemoni iache mpaka tangi lizoee. Zoanthidi washike kwa glavu, kuna jamii zao zenye palitoksini, sumu kali, na jiwe lenye zoanthidi usilichemshe kamwe, mvuke wake umeshawalaza watu hospitali.

Nilitaka kutoa nyota moja. Kisha nikitazama tangi lilivyo sasa naona nne ni haki yake, kwa sharti kwamba haidromita inaenda kwenye takataka na duka linabadilishwa. Kisha namkumbuka yule jamaa na kicheko chake. Basi tatu.

Nyongeza: nimewaandikia malalamiko, wamejibu kwa heshima kwamba watanipa haidromita mpya bila malipo. Ya aina ileile. Mbili.