Mapitio ya OEIS: namba zikilingana, ndipo kazi inaanza

Kwa anayependa namba zenye tabia za pekee, sioni huduma ya bure mtandaoni inayoifikia OEIS, ghala la mifuatano ya namba kamili lililoko oeis.org. Mwanahisabati Neil Sloane alianza kuikusanya mifuatano hiyo mwaka 1964 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Tangu 1996 imo mtandaoni, na sasa imepita 370,000. Unaandika namba ulizonazo, nalo linakutolea kila mfuatano uliomo wenye namba hizo kwa mpangilio huohuo. Kutafuta hakuhitaji akaunti wala malipo.

Wepesi huo ndio unaowaponza wengi. Chukua 1, 2, 4, 8, 16. Karibu kila mtu ataendelea na 32. Lakini chora duara, weka nukta ukingoni, unganisha kila nukta na nyingine zote kwa mistari iliyonyooka, kisha hesabu vipande vya ndani. Nukta 1 inatoa kipande 1, 2 zinatoa 2, 3 zinatoa 4, 4 zinatoa 8, 5 zinatoa 16, na 6 zinatoa 31. Huo ni mfuatano A000127 (ndiyo namba yake ghalani), unaoendelea 57, 99, 163.

Sasa andika 1,2,4,8,16,31 kwenye kisanduku cha kutafutia. Pamoja na ule wa duara, utaletewa vigawanyo vya 496, namba timilifu ya tatu (yaani inayolingana na jumla ya vigawanyo vyake vingine): 1, 2, 4, 8, 16, 31, kisha 62, 124, 248 na 496 yenyewe. Sita za mwanzo ni zilezile. Ya saba ni 57 huku na 62 kule. Na aliyezipanga nukta zake 6 kwa umbali sawa atapata vipande 30, kwa sababu mistari mitatu mirefu hukutana pale katikati na kipande kimoja kidogo hakipati nafasi. Huyo hakukosea kuhesabu. Wake ni mfuatano mwingine kabisa, A006533: 1, 2, 4, 8, 16, 30, 57, 88. Angalia 57 ilivyorudi! Kwa hiyo namba zikilingana umepata fununu nzuri, bado hujapata uthibitisho.

Kutafuta vizuri kuna utaratibu wake. Andika namba kama sita, ukiacha moja au mbili za mwanzo, maana watu hutofautiana mfuatano uanzie wapi. Zitenganishe kwa mkato. Ukitumia nafasi tupu, zitatafutwa bila kujali mpangilio. Usiyoijua iwekee mstari wa chini, _. Alama za kutoa hazihesabiwi mpaka utangulize signed:. Na usitafute kwa namba moja pekee: 1729 hukumwagia lundo la kurasa, ila 1729,4104,13832 inakufikisha moja kwa moja kwenye namba zinazoandikika kama jumla ya vipeo viwili vya tatu kwa njia mbili (1729 ni 1³ + 12³, tena ni 9³ + 10³).

Ukurasa wenyewe umebanwa lakini una mali. Fungua A006037, unaoanza na 70, 836, 4030: ni namba zinazozidiwa na jumla ya vigawanyo vyake, ila huwezi kuchagua baadhi ya vigawanyo hivyo ukapata namba yenyewe kamili. Vigawanyo vya 70, ukiitoa yenyewe, ni 1, 2, 5, 7, 10, 14 na 35, jumla 74. Imezidi kwa 4. Ili ubaki na 70 kamili lazima uondoe vigawanyo vyenye jumla ya 4, na havipo: 1 na 2 ni 3, kinachofuata ni 5. Namba ya namna hii iliyo witiri haijapatikana mpaka leo. Chini kuna fomula na programu fupi; zilizoandikwa kwa lugha za PARI/GP na Python unaweza kuziendesha bila kununua chochote.

Kasoro zipo. Sehemu ya namba huchukua takriban herufi 260 tu, hivyo mfuatano unaokua kwa kasi, kama wa namba timilifu, huonyesha chache. Orodha ndefu huwekwa kwenye faili ya pembeni, na utafutaji haufiki humo: namba inaweza kuwemo na bado ukaambiwa hakuna. Maelezo ni ya Kiingereza kilichofupishwa mno. Maoni mengine ni dhana ambazo hazijathibitishwa, kwa hiyo tafuta neno Conjecture kabla ya kuyategemea. Wanaoandika programu waangalie mstari wa Offset, kwani unataja nafasi ya namba ya kwanza. Mfuatano wa Fibonacci (kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia), A000045, huanzia nafasi ya 0, na asiyeuangalia hujikuta ameteleza nafasi moja kote.

Kwa raha tupu, fungua A100000: ni alama zilizochongwa kwenye mfupa wa kale wa Ishango, uliopatikana Kongo.

Kuchangia kunadai akaunti yenye jina lako halisi, na kila badiliko hupitiwa na wahariri wa kujitolea. Ni wakali, na ukali huo ndio ulioliweka ghala safi. Kabla ya kutuma mfuatano unaodhani ni mpya, utafute tena ukiwa umekata namba mbili za mwanzo, kisha ugawe zote kwa kigawanyo chao cha pamoja na kujaribu upya: mara nyingi umo tayari, umeanzia nafasi nyingine au umezidishwa kwa 2.