Hongo na takrima kwa maofisa wa Marekani: tofauti iko wapi?

Kifungu cha 201 cha sheria ya jinai ya shirikisho, kinachohusu maofisa wa serikali ya shirikisho, kina makosa mawili. Hongo ni nipe nikupe: fedha hutolewa ili kununua uamuzi, na ofisa akiomba tu, hata asipopokea senti, kosa limetimia. Kifungo ni hadi miaka 15, faini yaweza kufika mara tatu ya thamani ya hongo. Takrima ni shukrani kwa uamuzi fulani, bila makubaliano. Kifungo hakizidi miaka 2. Hapa waendesha mashtaka hukwama wasipoonyesha zawadi ilihusu tendo lipi hasa, kama Mahakama ya Juu ilivyoamua mwaka 1999 katika kesi ya Sun-Diamond, ushirika wa wakulima.

Kwa maofisa wa majimbo na miji, hutumika kifungu cha 666 cha sheria hiyo hiyo. James Snyder, meya wa Portage, Indiana, alipokea dola 13,000 baada ya mji kununua malori ya taka kwa kampuni iliyomlipa. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu, kwa kura 6 kwa 3, ilisema kifungu hicho hakigusi takrima. Pengo kubwa hilo, ingawa majimbo yana sheria zake. Lakini makubaliano yakitangulia, malipo hata yakichelewa ni hongo.