Crucial MX500 ndani ya ThinkPad X220: uzoefu wangu

ThinkPad X220 ilitoka mwaka 2011, na hadi leo ndiyo laptopu ninayofanyia kazi. Kibodi yake sijaona inayoifikia. Kilichokuwa kinanichosha ni diski ya zamani, GB 320, ya sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika. Ukifungua kivinjari, taa ya diski inawaka mfululizo, kipanya kinasubiri, kila kitu kinaganda. Hapo ndipo watu wengi wanasema mashine imekwisha na kuiuza kwa bei ya kutupa, kumbe prosesa bado ina nguvu na muda wote inaisubiri diski.

Niliweka SSD, yaani diski isiyo na sahani zinazozunguka: Crucial MX500, GB 500, ya inchi 2.5. Wengi wakienda dukani wanauliza GB tu. Mimi nasema uliza unene kwanza. Nafasi ya X220 inapokea diski ya milimita 7, wakati diski nyingi za laptopu za enzi zile ni milimita 9.5. MX500 ni milimita 7, kwa hiyo inaingia bila kulazimishwa. Kwa laptopu zenye nafasi ya 9.5, ndani ya boksi kuna fremu nyembamba ya plastiki ya kujazia. Kitu kidogo, lakini ni ushahidi kwamba waliotengeneza waliwakumbuka wenye mashine kuukuu.

La pili ni aina ya tundu. SSD zilizojaa madukani sasa ni za NVMe, zile ndefu nyembamba za M.2. X220 haina tundu lake. Ina tundu la mSATA, aina nyingine ya SSD ndogo ambayo ni fupi na pana zaidi, na muuzaji akikwambia "ni zilezile tu" usitoe hela. Hata hiyo mSATA ya X220 inaishia gigabiti (Gb) 3 kwa sekunde, wakati nafasi kuu ya diski inafika Gb 6. Ndiyo maana nilichagua ya inchi 2.5.

Kufunga kwenyewe ni kazi ndogo. Zima mashine, toa chaja na betri, fungua skrubu moja ya kifuniko cha diski, kisha vuta ule utepe wa plastiki. Diski inateleza nje. Pembeni ina mipira miwili. Ivue uivalishe SSD. Laptopu nyingi za mtumba zimeshapoteza mipira hiyo mikononi mwa mafundi, na bila mipira diski inachezacheza huku pini za SATA, yaani za kiunganishi cha diski, zikibeba mzigo wote. Kama mashine yako haina, itafute kabla hujafunga chochote. Ukiwa mtu wa kubeba laptopu kwenye bodaboda, hili si la kupuuzia.

Sikunakili mfumo wa zamani. Windows 10 ilikoma kupata huduma tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 haiitambui rasmi prosesa ya umri huu, kwa hiyo nilisakinisha Linux Mint, mfumo endeshi mwingine, kutoka kwenye flashi: unabonyeza F12 inapowaka, unachagua flashi. Mafaili niliyahamisha kutoka diski ya zamani kwa kebo ya SATA kwenda USB. Matundu ya X220 yangu ni USB 2.0, hivyo hapo subira inahitajika.

Matokeo? Amri ya smartctl, ya kukagua diski kwenye Linux, inaonyesha mawasiliano ya Gb 6 kwa sekunde, yaani tundu halijaibana diski. Mashine inawaka upesi, programu zinafunguka papo hapo, na ule mlio wa kukwaruza haupo tena. Video nzito na vichupo vingi bado vinaielemea, kwa sababu SSD haiongezi RAM wala nguvu ya prosesa. Nimeridhika kabisa.

Jihadhari na SSD zilizoandikwa TB 2 zinazouzwa kwa bei ya chini kuliko GB 500 halisi. Ndani mwake huwa na hifadhi ndogo, ila kidhibiti kimepangwa kutangaza ukubwa wa uongo. Ukishajaza nafasi ya kweli, mafaili yanaharibika kimyakimya. Jaribu kila diski mpya kwa programu ya F3 kwenye Linux au H2testw kwenye Windows kabla hujaweka picha za watoto wako humo.

Mwenye ThinkPad T60, hesabu yake ni tofauti. Tundu lake linaishia Gb 1.5 kwa sekunde, kwa hiyo hutaifaidi kasi yote ya MX500. SSD ya bei nafuu ya inchi 2.5, mradi iwe halisi, inamtosha, na hela inayobaki aongezee RAM.