Uzoefu wangu na REAPER: sauti iliyokuwa inakwaruza na nilivyoituliza

Huu ni mwaka wa tatu natumia REAPER, programu ya kompyuta ya kurekodi na kuchanganya sauti, chumbani kwangu Tanga, kurekodi kaswida za vijana wa madrasa ya mtaani kwetu na mara mojamoja nyimbo za harusi. Kompyuta yangu ni mpakato ya mtumba yenye RAM ya GB 8. Studio yenyewe ni godoro nililoliegemeza ukutani na pazia zito dirishani. Mwezi wangu wa kwanza nayo nilikaribia kuifuta programu hii, na kosa halikuwa lake. Ndiyo maana naandika.

Zilibaki wiki mbili kufika Maulidi. Nilikuwa nimerekodi vijana kumi na wawili na matari manne, kila sauti kwenye treki yake, yaani mstari wake ndani ya programu, jumla treki 16. Siku ya kurekodi mambo yalikwenda vizuri. Usiku nikakaa nianze kuchanganya, nikabonyeza kitufe cha kucheza, sauti ikaanza kukwaruza kama mafuta ya moto yaliyomwagiwa vitunguu vyenye maji. Inatulia sekunde tano, inakwaruza tena, mara inakatika kabisa halafu inarudi. Nikabadilisha waya wa spika, nikabadilisha hedifoni, ikabaki vilevile.

Kesho yake Ustadhi akapita kusikiliza.

"Shikamoo, Ustadhi. Kazi ipo, lakini kompyuta inaikatakata."

"Marahaba, mwanangu. Sasa sauti za watoto ndizo zilizoharibika, au kompyuta ndiyo inashindwa kuzitoa?"

Sikuwa nimejiuliza swali hilo. Nikautoa wimbo mzima kuwa faili la WAV, nikalihamishia kwenye simu, tukasikiliza wote wawili. Safi kabisa, bila mkwaruzo hata mmoja.

Mpaka leo naanzia hapo kila mtu anapoomba msaada. Programu inapotoa faili haikimbizwi na mtu: hesabu ikiwa nzito, inachukua muda wake mpaka imalize. Inapocheza, kila kipande cha sauti lazima kifike kwenye spika kwa wakati wake, na kikichelewa kidogo tu unasikia mkwaruzo. Kwa hiyo faili likitoka safi, rekodi yako ni salama na ugonjwa uko kwenye uchezaji. Mkwaruzo ukiwemo hadi ndani ya faili, basi uliingia wakati wa kurekodi, au sauti imepandishwa mpaka imepasuka, na kuhangaika na mipangilio ya kucheza hakutakusaidia.

Baada ya hapo nikaigeukia bafa. Hapa ndipo wengi tunapotea, kwa hiyo nitaieleza kwa maji ya bombani. Ukiwa na kata ndogo, utajaza pipa lakini itabidi uende na kurudi bila kupumzika, na ukikwama njiani mara moja tu, pipa linakauka. Ukiwa na ndoo kubwa safari zinapungua, ila unasubiri zaidi mpaka ndoo ijae. Bafa ndiyo chombo hicho: kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakiandaa kwa mkupuo mmoja kabla ya kukipeleka kwenye spika, kikihesabiwa kwa sampuli, yaani vipande vidogo sana vya sauti. Kwa kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 128 ni karibu milisekunde 3, na bafa ya 1024 ni karibu milisekunde 23. Mimi niliiweka 128 siku ya kurekodi ili vijana wajisikie kwenye hedifoni bila kuchelewa, na hapo nilifanya sawa. Usiku nilipoanza kuchanganya sikuibadilisha. Treki 16 zenye plagini (programu ndogo za kurekebisha sauti) zilikuwa zinachotewa maji kwa kata.

Nikabonyeza Ctrl na P, nikafungua ukurasa wa kifaa cha sauti, nikapandisha bafa hadi 1024. Mkwaruzo ulipungua sana, ingawa haukwisha.

Kwenye ukurasa uleule nikaona kitu kingine: nilikuwa napitisha sauti kwenye njia ya zamani ya Windows, si kwenye ASIO. ASIO ni mfumo uliobuniwa na Steinberg ili programu ya muziki izungumze na kadi ya sauti (kifaa kinachoingiza na kutoa sauti kwenye kompyuta) bila kupita kwenye foleni ya Windows. Ukiwa na kadi ya sauti ya nje, tumia draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa) ya ASIO iliyotengenezwa na walioiunda kadi hiyo, usihangaike na nyingine. Mimi wakati ule sikuwa na kadi ya nje, nikaweka ASIO4ALL, ambayo ni ya bure na inafanya kazi na kadi iliyomo ndani ya kompyuta. Ilinisaidia, lakini ina tabia moja lazima uijue: mara nyingi inaishika kadi ya sauti peke yake. Jioni moja nilifungua REAPER nikakuta kimya, mishale ya sauti inapanda na kushuka kwenye skrini na masikioni hakuna kitu. Nilikuwa nimeacha video kwenye kivinjari, nayo ndiyo iliyoishika kadi. Nilipofunga kivinjari na kufungua REAPER upya, sauti ikarudi. Ukikutana na kimya cha namna hiyo, tazama kwanza pembe ya juu kulia ya REAPER. Panaandikwa kifaa kimefunguliwa kwa kiwango gani na bafa gani, au kwamba kimefungwa. Mstari huo mdogo umeniokolea saa nyingi.

Bado vikwaruzo vilikuwa vinakuja, kimoja kila baada ya dakika hivi, hata nikicheza treki mbili tu. Hiki ndicho kilichonisumbua kuliko vyote, kwa sababu kipimo cha kazi ya kompyuta kilikuwa chini kabisa. Kama kichakataji kimepumzika, nani anaichelewesha sauti? Jibu nilipewa na programu ndogo ya bure iitwayo LatencyMon. Unaiacha ifanye kazi dakika kadhaa, kisha inakuonyesha ni draiva ipi inayokishika kichakataji kwa muda mrefu bila kukiachia. Kwangu ilikuwa draiva ya Wi-Fi. Nikazima Wi-Fi, nikacheza wimbo wa dakika saba mwanzo hadi mwisho, nikausikiliza wote nimeshika pumzi. Kimya kilipotakiwa kuwa kimya kilikuwa kimya kweli. Tangu siku hiyo nikikaa kwenye kazi Wi-Fi inazimwa, na mtu akinitafuta anapiga simu.

Jambo la umeme nalo linatugusa sana huku kwetu. Umeme ukikatika, kompyuta mpakato inahamia kwenye betri na mara nyingi inajipunguzia kasi ili betri idumu. Wimbo uliokuwa unacheza vizuri unaanza kukwaruza papo hapo, nawe unadhani programu imeharibika. Ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, chagua utendaji wa juu, na uzuie Windows isizime milango ya USB kwa kujiamulia, hasa kama kadi yako ya sauti au kinanda vimechomekwa huko. Betri itaisha haraka, hilo likubali. Umeme ukikatika mimi husimamisha kazi ya kuchanganya, nakata vipande na kusafisha sauti moja moja, kazi ambayo haihitaji nguvu.

Hapa sasa niisifu REAPER yenyewe. Ukibonyeza Ctrl, Alt na P kinafunguka kipimo kinachokuonyesha kila treki inakula kiasi gani cha kichakataji. Nilikuta plagini moja ya mwangwi, niliyoiweka kwenye treki za waitikiaji, inakula kuliko treki nyingine zote zikijumlishwa. Nilikuwa nimeiweka mara nane, treki kwa treki. Nikazifuta zote nane, nikatengeneza treki moja ya mwangwi, waitikiaji wote nikawapeleka huko. Sauti ikawa nzuri zaidi, kwa sababu sasa wote walisikika wako ukumbi mmoja. Treki nilizokwisha kuziridhia nikazigandisha: programu inazigeuza kuwa sauti tupu na kuziondoa plagini kazini, na siku ukitaka kubadilisha unaziyeyusha.

Spika za Bluetooth usizitumie kabisa kwenye kazi ya kurekodi. Ucheleweshaji wake unazidi wa bafa yoyote niliyoitaja hapa. Unabonyeza kinanda, sauti inakuja ukiwa umeshainua kidole. Hedifoni ya waya ya bei ndogo inazishinda.

Kuhusu kiwango cha sampuli: kijana mmoja aliniletea tari alilolirekodi kwa simu kwa 48,000, na kazi yangu ilikuwa 44,100. Programu niliyotumia zamani ililicheza polepole na kwa sauti nzito, tofauti ya karibu robo tatu ya toni, mpaka tari likasikika kama ngoma. REAPER ililibadilisha yenyewe bila kuniuliza na likakaa mahali pake.

Bei. REAPER inakupa siku 60 za kujaribu, na kila kitu kimefunguliwa. Leseni ya punguzo kwa mtu binafsi ni dola 60 za Marekani. Kwa kipato cha mtu anayerekodi kaswida hizo si pesa ndogo. Nilizikusanya kwa kazi tatu za harusi, nikalipa kwa kadi ya kaka yangu, na sijutii hata shilingi. Faili la kupakua ni dogo, halimalizi bando. Usitarajie maktaba ya biti na vinanda vilivyo tayari, haiji navyo. Anayetengeneza singeli au bongofleva atalazimika kutafuta sauti zake kwingine. Menyu ni nyingi, na wiki ya kwanza unaweza kupotea humo. Kwa anayerekodi watu halisi wanaoimba na kupiga ala, sijaona ya kuizidi kwa pesa hiyo.

Kaswida ile ilikamilika siku nne kabla ya Maulidi. Ustadhi alikuja na wawili kati ya vijana, wakakaa kwenye mkeka, nikazima Wi-Fi, nikabonyeza kitufe. Ulipofika ubeti wa tatu, pale sauti ya mdogo wao inapobaki peke yake bila tari, Ustadhi aliinua mkono nisimamishe. Nikadhani amesikia mkwaruzo. "Rudisha hapo," akasema, "nimsikie tena."